Stormscope WX-500 kwenye Cessna 206: miaka mitatu nayo juu ya Ziwa Victoria

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jamaa kadhaa wanaoruka ndege ndogo huku kanda ya ziwa wameniuliza kuhusu hiki kifaa, wengine wanataka kumshawishi bosi wao anunue, wengine wamekikuta tayari kimefungwa kwenye ndege na hawakielewi, nikaona badala ya kumjibu kila mtu peke yake bora niandike yote hapa. Naongelea Stormscope WX-500, kile kifaa kinachosikiliza umeme wa mawingu ya radi ukiwa ndani ya ndege halafu kinakuonyesha uko upande gani na uko mbali kiasi gani. Mimi nimeruka nacho miaka mitatu kwenye Cessna 206, kituo chetu Mwanza, safari zetu nyingi ni Bukoba, Rubondo, Geita, Musoma na mara mojamoja Seronera. Ndege ndogo, injini moja, haina rada ya mvua, na chini yako maji tu mpaka upeo wa macho.

Kwa mwenye haraka jibu langu ni kwamba kinunuliwe, tena bila kusitasita, ila kifungwe na fundi anayejua anachofanya, na rubani akubali moyoni kwamba kazi ya hiki kifaa ni kumgeuza mapema. Ukikitumia kutafuta kaupenyo katikati ya radi mbili utakuja kujuta, nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kinapima nini maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Rada ya mvua inatuma mawimbi yake, yanagonga matone ya mvua yanarudi, kwa hiyo rada inaona maji. WX-500 haitumi chochote. Imekaa kimya inasikiliza tu. Kila umeme unapopiga, uwe ndani ya wingu lenyewe au kati ya wingu na wingu au kati ya wingu na ardhi, unatoa mshtuko wa redio unaosambaa pande zote, ule ule unaousikia ukifungua redio ya AM usiku wa mvua, krraak krraak. Chini ya tumbo la ndege kuna antena moja, ukubwa na umbo kama kipande cha sabuni ya mche kilichochongwa mbele, ndani yake kuna koili mbili zimepishana kama msalaba na kuna kipokezi kingine cha tatu. Koili zinajua mshtuko umetoka upande gani, kile cha tatu kinasaidia kuamua ni mbele au nyuma, na umbali kompyuta inaukadiria kwa kuangalia nguvu na sura ya ule mshtuko. Kwetu picha inatokea kwenye skrini ya GNS 430, kile kifaa cha GPS cha kwenye dashibodi, kila umeme ukionekana kama doti, na unaweza kuchagua kuona pande zote au kipande cha mbele tu, mpaka maili 200 za kirubani, yaani kilomita 370 hivi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wazee waliotufundisha kuruka walikuwa wanatuambia, ukiona mshale wa ADF, kile kifaa kinachoelekea stesheni ya redio ya ardhini, umeiacha stesheni ya redio na unacheza cheza kuelekea upande mmoja, angalia huko kuna wingu baya, maana radi ni kama stesheni ya redio yenye nguvu kuliko zote. Mmarekani mmoja wa Columbus, Ohio, anaitwa Paul Ryan, miaka ya 1970 akaligeuza hilo wazo kuwa chombo kamili, ndio Stormscope za kwanza, na jina limeendelea kubaki ingawa kampuni zilizolimiliki zimebadilika mara kadhaa.

Sasa kwa nini nasema huku kwetu kinahitajika kuliko sehemu nyingi. Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajijenga juu ya vilima na milima inayozunguka ziwa, ukiwa katikati ya maji unaona anga safi kabisa. Usiku mambo yanageuka, nchi kavu inapoa haraka, maji bado ya moto, upepo unashuka kutoka pande zote kuja kukutana katikati ya ziwa, hewa inakosa pa kwenda inapanda juu, na hapo inapikwa radi usiku kucha mpaka alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko mimi. Kwa hiyo rubani anayeondoka Mwanza asubuhi saa kumi na mbili na nusu kwenda Bukoba, kama maili 94, anaweza kuliona jua linachomoza vizuri mgongoni kwake huku mbele kuna ukuta mweusi ambao ulianza kuchemka tangu saa sita usiku.

Na sio ziwa hili tu. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani kwa kutumia vipimo vya setilaiti vya miaka 16, ya kwanza ikawa Ziwa Maracaibo kule Venezuela, radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ya pili ikawa Kabare, Kivu Kusini, radi 205. Kabare hapo jirani na Bukavu! Ukiwa juu ya Bukoba ukaweka skrini kwenye maili 200, Bukavu inaangukia karibu na ukingo kabisa, upande wa magharibi ukishuka kusini, na kuna jioni nyingi tu nimeona doti zimejazana kule pembeni kama mchwa. Kwa umbali ule sizichukulii kama kipimo cha sahihi, ila unajua leo Kivu haijalala.

Ngoja niwape asubuhi moja ndio mtaelewa ninavyokitumia. Ilikuwa Novemba, vuli imekolea, nina abiria wawili na maboksi manne ya chanjo kwenda Bukoba, yale maboksi ya baridi yenye vipande vya barafu ndani. Tumeshapakia, nimewasha mitambo tupo bado chini kwenye maegesho, maana uzuri mmojawapo wa hiki kifaa ni kwamba kinafanya kazi hata ndege ikiwa imesimama chini. Skrini ikaleta rundo la doti mbele kushoto, kama maili 40 mpaka 60, yaani katikati ya njia yangu kabisa. Sasa hapa ndipo ujanja wenyewe ulipo na mtu asikudanganye kuna mwingine: usiangalie wingi wa doti zilizopo, zifute zote, angalia zinavyorudi. Nikabonyeza CLR, kitufe cha kufuta. Skrini nyeupe. Nikahesabu, doti mbili, tano, sekunde chache tena zimeshafika kumi na kitu, dakika haijaisha rundo limerudi kama lilivyokuwa. Hilo wingu lina afya, linakula bado. Nikazima.

Nesi aliyekuwa amekaa nyuma akaniuliza, "Kepteni, mbona jua linawaka tu huko nje, tunasubiri nini?" Nikamwita mbele nikawasha tena nikamwonyesha, nikamwambia dada yangu kila kinukta hapa ni umeme umepiga sasa hivi, ngoja tuhesabu pamoja. Alipoona zinavyomiminika akasema basi kepteni tutasubiri, barafu hii inakaa siku nzima. Tukanywa chai. Baada ya dakika hamsini nikafuta tena, zikarudi tatu kwa dakika nzima, zote zimesogea kaskazini kuelekea upande wa Uganda. Nikasubiri dakika kumi nyingine, nikafuta, moja. Tukaondoka, tukapita kusini kidogo mwa njia, mvua ya rasharasha tu, tukatua Bukoba chanjo zikiwa salama. Bila kile kifaa ningefanya nini? Ningeangalia jua, ningeondoka, na ningekutana nalo nikiwa nusu ya ziwa.

Kuna namna mbili za kuonyesha. Moja inaonyesha kila pigo kama lilivyo, nyingine inakusanya mapigo yaliyo karibu karibu na kuyafanya kundi moja. Watu wengi wanapenda ya makundi kwa sababu inaonekana safi. Mimi naanza siku na ile ya pigo mojamoja kwa sababu wingu likiwa ndio linaanza linatoa umeme mara mojamoja tu, na namna ya makundi inaweza kuchelewa kukuonyesha, wakati zile doti mbili tatu za mwanzo ndizo ninazozitaka kuliko kitu chochote. Pigo jipya linakuja na alama yake, likizeeka alama inabadilika, zikifika dakika tatu linafutika lenyewe. Namba ya mapigo kwa dakika ipo pale pale kwenye skrini, izoee hiyo namba, inasema mengi kuliko picha.

Halafu kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia nikaligundua kwenye kitabu cha maelezo: unapobonyeza kitufe cha redio kuongea, kifaa kinaacha kusikiliza. Kimefanywa hivyo makusudi, redio yako mwenyewe isije ikaonekana kama radi. Kwa hiyo ukiwa na mazungumzo marefu na mnara wa kuongoza ndege, au kitufe chako kimekwama, skrini inatulia na wewe unadhani anga imetulia. Ongea kifupi, achia, ndio uangalie.

Sasa tuje kwenye kufunga, hapa nina uchungu nao. Ndege yetu ilipofungwa mara ya kwanza ilipelekwa karakana moja ambayo siitaji, haitasaidia kitu kuitaja. Walichofanya ni kutafuta nafasi iliyokuwa rahisi kwao kupitisha waya, wakatoboa, wakafunga antena, wakawasha skrini ikawaka, wakaandika kazi imekamilika. Tangu siku ya kwanza tulikuwa na doti nyuma kulia. Asubuhi kweupe, hakuna wingu Mwanza nzima, doti nyuma kulia. Ukigeuza ndege nazo zinageuka nayo, zipo pale pale nyuma kulia, na radi ya kweli haifanyi hivyo, ya kweli inabaki mahali pake huko duniani wewe ndio unaizunguka. Miezi kama sita tumeruka hivyo. Na ubaya wake sio zile doti za uongo, ubaya ni kwamba sote marubani tulizoea kusema aah hiyo achana nayo, na siku moja radi ya kweli ingekuja kutokea nyuma kulia tungeiita ya uongo. Kifaa cha usalama kikikufundisha kupuuza, bora kisingekuwepo.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mtu mzima, mpole, mkono wake taratibu. Alipofika hakugusa bisibisi. Aliniambia, "Mwanangu, kaa ndani uwashe kila kitu nikikwambia." Akachukua antena ikiwa bado haijafungwa popote, waya mrefu umeunganishwa, akaanza kuitembeza kwenye ngozi ya ndege sehemu kwa sehemu, tumboni, mkiani, chini ya mbawa, huku ananipigia kelele washa taa za kumetameta, zima, washa alteneta, zima, washa pampu ya mafuta, washa hita ya pitoti, washa transponda, pandisha injini. Kila sehemu anaandika kwenye kidaftari na kalamu ya risasi. Mafundi wenyewe wanaita kupima ngozi ya ndege. Kumbe ile antena ilikuwa imewekwa karibu na boksi linalolisha taa za kumetameta, zile taa zinalishwa na umeme wa volti kubwa unaopiga kwa mshtuko, kila zikimulika ni kama radi ndogo pembeni ya sikio. Akapata sehemu tulivu tumboni, mbele kidogo ya ilipokuwa mwanzo, akabandika kwanza kwa gundi ya karatasi tukajaribu na injini, ndipo akatoboa. Tundu la zamani akaliziba. Toka siku hiyo asubuhi ya anga safi skrini yetu ni tupu kabisa, na nikiona doti naiamini.

Kwa hiyo ukienda kufunga, swali la kumuuliza fundi ni moja: utapima ngozi ya ndege kabla ya kutoboa, na injini ikiwa inaunguruma? Akikwambia haina haja, beba ndege yako. Na hakikisha wanakiunganisha na dira ya ndege, maana kisipojua ndege inaelekea wapi ukikata kona doti zinabaki zilipokuwa kwenye skrini na zinakudanganya mpaka uzifute.

Udhaifu wake sasa. Upande radi ilipo kinajua vizuri sana. Umbali ni kadirio, kwa sababu radi hazilingani nguvu, radi kubwa ya mbali inaweza kuonekana kama ya karibu, radi dhaifu ya karibu ikaonekana ya mbali. Matokeo yake wingu moja linachorwa kama mstari uliotawanyika kuelekea kwako, mithili ya mtu amemwaga mchele kutoka katikati kwenda nje. Hii sio hitilafu ya ndege yako, ni tabia ya kupima kwa njia hii. Ndio maana nasema kisitumike kutafuta upenyo, ule upenyo unaouona kati ya marundo mawili ya doti inawezekana haupo kabisa au uko maili 15 mbele zaidi. Kanuni ya kukaa mbali na radi kali angalau maili 20 ibaki pale pale, na mimi nikiwa juu ya maji naongeza.

Udhaifu wa pili ndio mkubwa kwangu. Hiki kifaa hakikuonyeshi wingu mpaka lipige umeme mara ya kwanza. Na wingu linaweza kuwa baya kabla. Umeme wa wingu unatengenezwa juu kule kwenye baridi, punje za barafu laini zinagongana na vipande vidogo vidogo vya barafu, vidogo vinachukua chaji chanya na kupeperushwa juu, punje nzito zinabaki chini na chaji hasi, mpaka tofauti inakuwa kubwa hewa inashindwa kuizuia. Huku kwetu kwenye ikweta mpaka wa kuganda uko futi 15,000 au 16,000 hivi, kwa hiyo wingu linaweza kuwa linapanda kwa nguvu zote toka chini bila kutoa hata doti moja. Alasiri moja natoka Geita, skrini tupu, nikapita karibu na wingu lililokuwa linakua, jeupe, zuri, kichwa kama koliflawa. Ndege ikanyanyuliwa kama imeshikwa na mkono, nimepunguza nguvu na pua iko chini bado tunapanda futi 1,500 kwa dakika, begi la abiria likagonga dari. Tulipotoka upande wa pili ndipo doti ya kwanza ikatokea. Nyuma yetu, pale pale tulipopita. Sikuongea mpaka tulipotua.

Kuna ndege zinazoweza kupima hicho ambacho WX-500 haioni, ila ni za utafiti. Wanafunga vipima vyenye sahani za chuma ambazo feni inazifunika na kuzifunua mfululizo, kila zikifunuliwa zinapokea nguvu ya umeme iliyotanda hewani, na kwa hiyo wanapima umeme uliojikusanya hata kabla radi haijapiga. Siku ya anga safi hapa chini tunaishi kwenye kama volti 100 kwa kila mita na hatuhisi chochote, karibu na wingu la radi inapanda mara mamia. Shida ni kwamba ndege yenyewe inabeba chaji yake, kwa hiyo kipima kimoja hakitoshi, lazima viwe kadhaa sehemu tofauti za ndege, na rubani aende kwanza kwenye anga safi alaze mbawa kushoto kulia, ainue pua ashushe, ili wajue kila kipima kinasomaje. NASA walifanya hivyo mwaka 2000 na 2001 kule Florida, ndege ya Citation yenye vipima sita ikizunguka kwenye mawingu jirani na kituo cha kurushia roketi. Walikuwa na sababu, Novemba 1969 roketi ya Apollo 12 ilipigwa radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza, sekunde ya 36 na ya 52, na mwaka 1987 roketi ya Atlas-Centaur ikapotea kabisa kwa radi, na zote mbili roketi yenyewe ndiyo iliyoiamsha radi kwenye wingu.

Na hilo la kuiamsha linatuhusu na sisi. Hao hao NASA kuanzia 1980 mpaka 1986 waliichukua ndege ya kivita F-106B wakawa wanaiingiza kwenye radi makusudi, karibu mara 1,500, ikapigwa mara 714. Moja ya mambo yaliyothibitika ni kwamba mara nyingi radi haiji kuitafuta ndege, ndege ndiyo inayoianzisha kwa kupita kwenye sehemu iliyojaa chaji. Kwa hiyo ukikaa mita chache nje ya wingu lililotulia ukasema halijapiga muda mrefu, wewe ndio unaweza kuwa sababu ya pigo lake linalofuata. Abiria huwa wananiuliza radi ikitupiga si tutaungua, nawaambia ganda la aluminiamu linapitisha umeme kwa nje ukaingia huku ukatokea kule, ndege kubwa za abiria zinapigwa wastani mara moja kwa mwaka na zinafika. Kinachonitisha mimi kwenye ndege ndogo ni upepo na mvua ya mawe vinavyokaa nyumba moja na huo umeme.

Mtu atasema siku hizi si kuna simu. Ni kweli, na mimi kabla ya kutoka nyumbani naangalia picha za setilaiti, na ile Meteosat mpya iliyorushwa Desemba 2022 ina jicho maalumu la kuona radi za Afrika na Ulaya kutoka kilomita 36,000 huko juu, ni kazi kubwa sana. Ila ukiwa katikati ya ziwa intaneti haipo. Wenzetu Marekani wanapokea picha za mvua bure ndani ya ndege kutoka minara ya ardhini, ndio maana wengine huko wanaiona Stormscope imepitwa na wakati. Huku kwetu hiyo minara haipo, na kitu kinachosikiliza radi chenyewe bila kumtegemea mtu yeyote chini kina thamani ile ile. Ukiwa na pesa ya rada pia, funga vyote viwili, rada ikuonyeshe maji hiki kikuonyeshe umeme, penye vyote hapo usisogee. Ukiwa na ya kimoja tu kwenye ndege ndogo kama yetu, mimi nachagua hiki.

Matunzo sio mengi. Fundi akague antena kila ndege ikiingia karakana, maana matope ya viwanja vya vumbi yanarukia tumboni na mafuta ya injini yanatiririka huko huko, na mtu asiipake rangi nzito. Halafu ukaguzi usiishie kwenye antena, nenda nyuma ya mbawa na mkiani angalia vile vijiti vyembamba vinavyomwaga chaji. Sisi viwili vilikuwa vimekatika bila mtu kujua, kila tukiingia kwenye mvua redio inakuwa ni shshshsh mfululizo, mnara unakuita husikii. Ni vitu vya bei ndogo. Tulipovibadilisha redio ikawa safi hata mvuani.

Nyota nakipa nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lile wingu jeupe la Geita, najua kifaa cha kusikiliza radi hakiwezi kuniambia wingu ambalo halijapiga, ila nilikuwa na abiria wanne.